Uzi wa Rangi ya Kasuku

Mshauri wangu, Mama Kumudben,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya pipa la rangi karakanani, na naomba usichoke njiani kwa sababu barua ni ndefu na mimi si mtu wa kalamu. Mimi ni mchanganya rangi katika karakana ya kuchapa sari hapa Ahmedabad, nina miaka thelathini na mmoja, sijaoa, naishi na mama yangu katika mtaa wa zamani ambao mapaa yake yamegusana hata paka anaweza kuuvuka mtaa mzima bila kushuka chini. Safu yako naijua vizuri kwa sababu kila Jumapili humsomea mtu kwa sauti, na huyo mtu ndiye shida yangu.

Anaitwa Falguni, tafadhali sana badilisha majina yote. Paa lao na letu linatenganishwa na ukuta wa kufika magotini, na tangu akiwa na miaka saba yeye ndiye hunishikia firki, lile gurudumu la uzi, siku ya sikukuu ya tiara. Mtu ambaye hajawahi kurusha tiara atadhani kushika firki ni kusimama tu, kumbe mshikaji ndiye anayejua uzi uliobaki na wakati wa kuuachia, na Falguni alikuwa ananipigia kelele mgongoni, "Legeza! Legeza, we Jaimin, unamnyonga nani? Haya, vuta sasa!" na mimi navuta. Sauti yake, Mama, sijui nikuelezeje, inaanza na mkwaruzo kidogo kisha inafunguka. Kila Navratri, sikukuu yetu ya usiku tisa, yeye ndiye aliyekuwa akiimbisha wanawake wa mtaa wetu wakicheza duara, na watu wa mitaa mingine walikuwa wanakuja kusimama kwenye kona ili wamsikie tu. Nilimpenda miaka mingi bila kumwambia, kwa sababu nilidhani siku zipo.

Sasa kwenye paa la mbele yetu kuna jamaa anaitwa Urvish, na huyu Urvish alikuwa amenikata tiara zangu miaka sita mfululizo, yaani uzi wake unaukata wangu hukohuko angani, na kunikata si kitu, kitu ni mdomo wake. "Jaimin! Hiyo ni tiara au kitambaa cha kufutia jiko?" Au, "Jaimin, ukimaliza kulia, shuka uje ule jalebi, tumekuwekea!" Na mtaa mzima unacheka, na Falguni naye anacheka, maana ilikuwa inachekesha kweli. Basi mwaka huu mwanzoni nikasema sikubali, nikaenda nyuma ya duka moja la matairi nikanunua uzi wa nailoni, ule uliopigwa marufuku, ambao haukatiki hata ukivutwa na ng'ombe. Na kwa kuwa nailoni inang'aa na watu wangeitambua, nikaitia rangi hapahapa karakanani, kwenye maji yanayochemka, rangi ya kijani ya kasuku yenye umanjano kidogo ambayo niliibuni mwenyewe na sikuiandika popote, ili ionekane kama uzi wa kawaida wa pamba uliopakwa uji wa wali na unga wa chupa.

Siku ile ya tarehe kumi na nne Januari, asubuhi saa tatu, Falguni akaishika firki, akasema, "Mbona uzi huu unateleza? Vidole havishiki kabisa." Nikamwambia, "Mzee Gulam kabadilisha dawa." Mzee Gulam ni yule fundi wa uzi ambaye kila Desemba husimika nguzo zake za kutandia uzi kando ya njia karibu na lango la mtaa wetu, anapaka uzi kwa mkono, na mtaa wote tumenunua kwake tangu enzi za baba zetu. Falguni akausugua uzi kati ya vidole viwili, akaniuliza, "Mzee Gulam?" nikasema ndiyo. Nikamkata Urvish mara nne, Mama, mara nne, na Falguni alishangilia "Imekatwaaa!" mpaka akakohoa.

Ilipofika saa tano mama yake akamwita aende kwa shangazi yake kuchukua undhiyu, chakula chenyewe cha sikukuu. Akaniambia, "Kunja uzi kwanza, usirushe peke yako, nikirudi tuendelee." Nikasema sawa. Sikukunja. Na jambo lingine ambalo halinitoki ni kwamba nilimwahidi kumfungia kwenye skuta yake ule waya wa kukinga shingo na nyuzi za tiara, kama watu wote wa mji huu wanavyofanya Januari. Waya nilikuwa nimeshaupinda tayari, ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wetu, na mpaka leo unaning'inia palepale kwa sababu sina nguvu ya kuugusa. Yeye akaondoka, mimi nikairusha tena ile tiara firki ikiwa chini sakafuni bila mshikaji, upepo ukavuta, uzi ukakimbia wote mpaka mwisho, na fundo la mwisho lililoushika kwenye firki likafyatuka kwa sababu nailoni haishiki fundo. Tiara ikaondoka na uzi wake mzima ikielekea upande wa barabara kubwa, na Urvish akapiga kelele, "Imekimbia nyumbani hiyo, imechoka na wewe!" Nilicheka, Mama. Nilicheka kisha nikaenda kutafuta firki nyingine.

Uzi ule ulitanda kukatiza barabara kimo cha shingo, na Falguni akaupitia na skuta. Muuza chai mmoja alimfunga shingo kwa taulo lake na kumpakia kwenye bajaji, na madaktari walisema bila taulo lile tusingekuwa na mtu. Alipasuliwa mara mbili. Alipona, anakula, anatembea, anafundisha watoto hesabu kwa kuandika ubaoni, lakini mshipa wa sauti ulikatwa na haurudi. Anachotoa sasa ni pumzi yenye maneno ndani, lazima usogee karibu ili umsikie. Siku ya tatu hospitali kaka yake Parthiv alinionyesha kipande cha uzi ndani ya mfuko wa plastiki, akasema, "Nikimpata mwenye huu." Niliangalia nikaiona rangi yangu. Nikasema, "Mungu atamfichua." Hivyo ndivyo nilivyosema.

Halafu mtu mmoja akasema mwaka huu Mzee Gulam alikuwa na uzi wa kijani, na ni kweli alikuwa nao, ingawa ulikuwa kijani cha jani la mwembe, haufanani hata kidogo, lakini nani ataangalia hayo, na unajua mwenyewe jina la Kiislamu kama la mzee yule linavyosikika kwa baadhi ya watu wa mtaa wetu. Polisi walipekua kwake wasipate nailoni, wakamfungulia kesi vilevile. Nguzo zake ziling'olewa. Ana miaka sabini na mbili na kila Jumatatu anakwenda kuripoti kituoni. Parthiv amechukua wakili, wanamdai fidia kwa uzembe, na Falguni ameandikiwa hati ya kiapo kwamba uzi ulikuwa wa mzee yule. Mpaka leo hajaitia sahihi. Mara mkono umechoka, mara miwani haioni, mara kesho.

Mimi nimekwenda kwao kila siku kwa miezi kumi na moja. Jumapili namsomea gazeti, tunaanza na wewe kwa sababu anapenda unavyogomba. Na kila nikimaliza kusoma, anasogea karibu na sikio langu ananiuliza, "Una la kuniambia?" Mimi nadhani anataka nimwambie nampenda. Nasema, "Upone haraka." Anarudi nyuma, anatazama dirishani.

Mwezi uliopita mama yake alikuja kwetu. Alisema wachumba wawili walikuja, wakamsikia anavyoongea, wakanywa chai wakaaga. "Wewe peke yako hujaacha kuja," akaniambia, na akalia, na mama yangu akalia. Wakakubaliana kwamba mwezi huu wa nyota mbaya ukiisha, yaani tukishavuka sikukuu ya tiara, tutakula pamoja sukari guru na giligilani, uchumba uwe umefungwa. Falguni alipoulizwa alisema yeye na Jaimin wana neno moja kwanza.

Mama yangu anajua yote, nilimwambia tangu Aprili. Anasema, "Nyamaza, mwanangu. Ukishamuoa utamlipa kila siku ya maisha yako. Mahakama gani itampa fidia kubwa kuliko mume anayemtunza?" Na mimi nataka kumwamini, Mama Kumudben, kwa sababu nampenda kuliko zamani. Simuni mwangu nina sekunde kumi na moja za mwaka juzi, picha ni ya anga tu na mkono wangu, lakini nyuma yake anasikika, "Legeza, we Jaimin!" Hunichukua dakika nzima kabla sijathubutu kuisikiliza, na nikiisikiliza siwezi kufanya kazi tena mpaka mchana.

Nikisema, nampoteza na pengine nafungwa. Nikinyamaza, namuoa na nitamtunza mpaka kufa. Nifanye nini?

Mimi mchanganya rangi, Ahmedabad.

*

Mchanganya rangi,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nililia, ya pili nilitaka kukuvuta sikio. Nitajibu nikiwa katika hali ya pili, kwa sababu machozi yangu hayatakusaidia.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka ishirini na tisa kwenye kaunta ya mahakama, nikipokea mafaili ya watu walioumizwa: aliyeangukiwa na ukuta, aliyekatwa na mashine, aliyegongwa na basi lisilo na breki. Kila aliyesababisha alifika na neno lilelile, bahati mbaya. Bahati mbaya ni radi, mwanangu. Yako uliinunua nyuma ya duka la matairi, ukaichemsha, ukaitia rangi ili isijulikane. Ukaambiwa ukunje, hukukunja. Ukaahidi waya, ukauacha kwenye msumari. Sheria ina neno la kuviita vitu hivyo vyote kwa pamoja, nalo ni uzembe, na sehemu ya ule uzi uliopigwa marufuku ina majina mabaya zaidi, wakili atakutajia.

Sitasema humpendi. Unampenda, karatasi yako yote imelowa mapenzi. Lakini angalia unachotaka kufanya. Falguni ana haki ya fidia kwa sauti yake, kutoka kwa aliyemsababishia. Huyo ni wewe. Unataka umuoe mdai wako bila yeye kujua kuwa anakudai, umpikie chai, umshike mkono barabarani, na uite hayo malipo. Mama yako anasema ni malipo makubwa. Mpe heshima zangu, umwambie malipo ambayo anayelipwa hakuulizwa kama anayataka hayaitwi malipo. Na yule bibi aliyekuja kulia sebuleni kwenu, anayedhani anamshukuru mtu mwema, hukumwonea hata haya?

Halafu kuna Mzee Gulam, ambaye umempa mistari michache nami sitamwacha apite kimyakimya hivyo. Unasema polisi walimshika, mtaa ukamsema, kaka akamshitaki. Rudi kwenye barua yako mwenyewe. Mtu wa kwanza kumsingizia mzee yule hakuwa polisi. Ni wewe, saa tatu asubuhi, kabla ya tone lolote la damu: "Mzee Gulam kabadilisha dawa." Wengine wote wamekufuata nyuma. Jumatatu ijayo, wakati unakoroga mapipa yako, mzee wa miaka sabini na mbili atapanga foleni kituoni kwa ajili ya sentensi yako.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo uliponiumiza kuliko kote, na wewe mwenyewe hukuona ulichoandika.

Falguni ameshika firki yako tangu ana miaka saba. Asubuhi ile aliushika uzi wako, akasema unateleza, akausugua kwa vidole viwili. Mtoto aliyekulia juu ya mapaa ya mji huu, aliyeushika uzi wa Mzee Gulam maisha yake yote, unadhani vidole vyake havijui pamba na nailoni? Alikuuliza, "Mzee Gulam?" Hakuwa anauliza jina. Alikuwa anakupa nafasi. Kisha uzi wa rangi ileile, aliyoitazama kwa saa mbili mikononi mwake, ukamkata shingo. Kaka yake anao kipande kwenye mfuko wa plastiki. Wewe uliitambua rangi yako mara moja. Yeye ana macho.

Falguni anajua, mwanangu. Amejua tangu alipofumbua macho hospitalini.

Ndiyo maana mkono wake umechoka. Mkono unaoandika hesabu ubaoni kutwa hauchoki kwa sahihi moja. Hataki kula kiapo cha uongo juu ya mzee wa watu, na hataki kukutaja yeye, anataka ujitaje. Anakinga mlango kwa mgongo wake akikusubiri upite, na wakili wa kaka yake anasukuma upande wa pili, na muda wa kudai nao hausubiri mtu. Na kila Jumapili, kwa pumzi ile ndogo aliyobakiziwa, anajikaza akuulize, "Una la kuniambia?" nawe unamwambia apone haraka. Apone nini, Jaimin?

Basi fanya hivi. Nenda kwake mchana, mama yake akiwepo na Parthiv akiwepo, mikono mitupu, bila maua wala peremende. Sema uzi ni wangu, niliununua mahali fulani, niliutia rangi hii, sikukunja, sikufunga waya, na Mzee Gulam sikununua kwake hata inchi moja. Useme hivyo tu. Usiseme Urvish alinicheka. Usiseme nakupenda, hiyo si siku yake. Parthiv akikupiga kofi, shika shavu lako ubaki umesimama.

Ukitoka hapo, nenda kwa wakili wako mwenyewe, si wa rafiki wa mjomba, na siku hiyohiyo muende kituoni mkaandikishe maelezo. Beba ile rangi kwenye chupa, na mabaki ya uzi kama bado unayo. Bila hayo watasema umetumwa. Utashitakiwa, ndiyo. Mtu anayekuja kwa miguu yake hutazamwa tofauti na anayeletwa, hilo nimeliona kwa macho yangu, lakini sikuahidi kitu. Dai la Falguni lielekezwe kwako, na usimruhusu wakili wako aseme alikuwa mzembe kwa kupanda skuta bila waya. Waya ulikuwa wako.

Kisha nenda kwa Mzee Gulam. Desemba hii nguzo zake hazijasimama. Chimba mashimo, uzisimike wewe, hapohapo langoni, mchana kweupe, Urvish na mtaa mzima wakikutazama. Wakikuuliza unafanya nini, waambie kwa nini.

Sukari guru na giligilani visahau. Rudi kwa mama yake ukawaombe wasitishe, umwache Falguni huru kabisa. Anaweza kukukataa. Anaweza kukukataa na bado akulipishe mpaka uzee wako, na atakuwa hajakukosea hata chembe. Anaweza pia kufanya vingine, lakini hilo silo neno langu wala lako, ni lake, na ameshasema kwamba mna neno moja kwanza.

Uliniomba nibadilishe majina, nimeyabadilisha. Rangi hukuniomba, nimeiacha. Barua yako ilifika Jumatatu, na jibu hili nimemtuma mtu akuletee karakanani jioni hiyohiyo, uwe nalo mkononi kabla ya wengine. Gazeti linatoka Jumapili. Una siku sita.

Unatamani kuisikia sauti yake mpaka huwezi kufanya kazi, na nakuamini. Yeye naye amekaa miezi kumi na moja akiisubiri yako. Jumapili gazeti litafika kwao asubuhi kama kawaida, atakusogezea kiti, atalifungua kwenye ukurasa huu na kukupa usome kwa sauti. Nenda kabla ya hapo. Usije ukamfanya ayasikie haya kwa mdomo wako, lakini kwa maneno yangu.

Kumudben